Kabla ya tiketi ya mwalimu, familia isome makaratasi yake

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na familia ambazo mtoto wao, dada yao, baba yao au mwenza wao amepata kazi ya kufundisha Kiingereza ughaibuni. Sisi ni walimu wa lugha hiyo na wakufunzi wa walimu, na tunachotaka kusema ni kimoja: ndugu wengi humchangia msafiri nauli, humnunulia begi, humwombea heri, kisha makaratasi humwachia yeye na wakala wake. Makaratasi yanahitaji ndugu kuliko nauli inavyowahitaji. Anayeondoka ana furaha, ana haraka na anahofia nafasi isimponyoke, kwa hiyo husoma mkataba kwa jicho la mtu aliyekwisha kukubali. Anayebaki anaweza kuusoma kwa utulivu, na hahitaji kujua kufundisha ili aone palipo na shimo.

Waanzie kwenye pasipoti. Nchi kadhaa huuliza uraia kabla ya kuuliza uwezo. Viza ya mwalimu wa lugha ya Korea Kusini, E-2, kwa upande wa Kiingereza imewekewa kimsingi raia wa nchi saba: Marekani, Kanada, Uingereza, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini. Mwenye pasipoti isiyo katika orodha hiyo, hata kama amekua akizungumza Kiingereza na ana shahada ya ualimu, kwa kawaida hapiti. Japani ina mpango wa serikali ulioanza mwaka 1987, JET, unaopeleka walimu wasaidizi mashuleni. Maombi yake hupitia balozi za Japani katika nchi zinazoshiriki, na hakuna wakala mwenye haki ya kuuza nafasi zake. Uchina hudai shahada ya kwanza, na kwa kawaida hutaka mwalimu atoke nchi ambayo Kiingereza ni lugha ya kwanza. Kwingineko uraia hauzuii, ila mwombaji huombwa matokeo ya mtihani wa Kiingereza kama IELTS au TOEFL, na matokeo hayo huhesabiwa kuwa hai kwa miaka 2 tu. Sheria hizi zinawaumiza walimu wengi hodari na sisi tunaziona hazina haki, lakini ofisa wa uhamiaji atafuata zilizoandikwa. Wakala akisema "uraia si tatizo", mwambieni awaonyeshe ukurasa wa ubalozi au wa idara ya uhamiaji ya nchi hiyo unaosema hivyo. Akileta picha ya mazungumzo ya WhatsApp, bado hajajibu.

Cheti cha kufundishia kinafuata. Hakuna chombo kimoja duniani kinachosimamia vyeti vya TEFL, yaani vya kufundisha Kiingereza kama lugha ya kigeni, kwa hiyo mtu yeyote mwenye tovuti anaweza kuchapa cheti na kukiandika "saa 120". Tofauti iko kwenye mazoezi ya darasani. CELTA ya Cambridge ina takriban saa 120 za masomo pamoja na wakufunzi, na CertTESOL ya Trinity si chini ya 130. Zote mbili zina saa 6 za kufundisha wanafunzi halisi huku mkufunzi amekaa nyuma anaandika. Kozi nafuu ya mtandaoni haina saa hizo 6. Inaweza kumpatia mtu viza katika baadhi ya nchi, na kwa kazi hiyo hatuidharau, lakini haimwandai kusimama mbele ya watoto 40. Kama fedha inatosha kozi moja tu, ichangwe kwa ile yenye mazoezi, hata ikibidi safari isogezwe miezi mitatu. Na kabla ya kulipa, mwajiri aulizwe kwa barua pepe kama anakikubali cheti hicho, kikitajwa kwa jina lake kamili. Jibu lihifadhiwe.

Safari nyingi hukwama kwenye nyaraka. Kwa kawaida hutakiwa shahada, nakala ya matokeo ya chuo, cheti cha polisi kinachoonyesha kwamba mtu hana rekodi ya uhalifu, picha, na cheti cha daktari. Pasipoti yenyewe iwe na angalau miezi 6 mbele ya siku ya kuingia. Kwa mkataba wa mwaka mmoja, miezi 18 ndiyo salama, kwa sababu kibali cha kuishi mara nyingi hakivuki tarehe ya mwisho ya pasipoti. Tazameni majina kwanza. Shahada ikiwa na majina mawili na pasipoti matatu, au herufi moja ikitofautiana, faili linaweza kurudishwa. Dawa yake ni hati ya kiapo mbele ya wakili, inayosema kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, na hati hiyo nayo ithibitishwe kama nyingine zote. Kazi hiyo ni ya siku moja ikifanywa mapema. Ikigunduliwa dirishani ubalozini, hula mwezi.

Kuhusu uthibitisho wenyewe, nchi ilikotoka hati na nchi inakopelekwa zikiwa zote wanachama wa Mkataba wa Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961, hati huhitaji cheti kimoja kiitwacho apostili, kinachotolewa na mamlaka ya nchi ilikotoka hati. Uchina iliingia kwenye utaratibu huo tarehe 7 Novemba 2023, kwa hiyo maelekezo mengi ya zamani yanayozunguka mitandaoni kuhusu Uchina yamepitwa na wakati. Nchi mojawapo isipokuwa mwanachama, hati hupanda ngazi: wakili au chuo kilichoitoa, kisha wizara ya mambo ya nje ya nchi hiyo, kisha ubalozi wa nchi inakopelekwa. Ngazi hairukwi. Ubalozi una mfano wa saini ya ofisa wa wizara; saini ya wakili hauijui, ndiyo maana anayekwenda ubalozini moja kwa moja hurudishwa. Aliyesoma chuo cha nchi nyingine aelewe pia kwamba shahada yake huthibitishwa katika nchi hiyo ilikotolewa, hata kama yeye hakai huko tena. Hapo aongeze wiki kadhaa za posta.

Kuna makosa mawili madogo yanayorudisha watu nyuma kila mara. Shahada iliyofungwa ndani ya plastiki kwa mashine haigongeki muhuri. Wino haushiki, na kuibandua plastiki huchana karatasi. Mwenye nayo itabidi aombe nyingine chuoni. Kosa la pili ni pini. Hati ikishathibitishwa, kurasa zake hubanwa pamoja na karatasi ya muhuri. Mtu huitoa pini ili askani vizuri, kisha anabana upya, matundu yanakuwa manne badala ya mawili, na ofisa anayaona. Hati hiyo hukataliwa kwa kushukiwa kuwa imechezewa. Iskaniwe kwa kukunjua ukurasa taratibu, pini ikiwa mahali pake.

Cheti cha polisi kina umri mfupi. Nchi nyingi hutaka kiwe kimetolewa ndani ya miezi 3 au 6 iliyopita. Kwa hiyo kiombwe mwishoni, na shahada ianze kushughulikiwa mwanzoni. Wengi hufanya kinyume, kwa kuwa ofisi ya polisi iko karibu na chuo kiko mbali, na siku shahada inapokamilika cheti cha polisi kimeshapitwa. Chukueni kalenda, wekeni tarehe ya kuanza kazi, mrudi nyuma: viza, wiki kadhaa, uthibitisho, wiki kadhaa, cheti cha polisi, na mwanzo kabisa shahada na majina. Miezi mitatu ndiyo muda wa chini tunaoweza kuupendekeza kwa dhamiri safi, na minne ni bora.

Sasa viza, na hapa tunaomba familia ziwe kali. Kuna sentensi inayorudiwa na shule mbaya duniani kote: "Njoo na viza ya utalii, tutabadilisha ukifika." Sababu ya kusema hivyo hujulikana. Kuajiri mgeni kihalali kunahitaji shule iwe na leseni, iwe na nafasi zilizoidhinishwa, na ilipe ada kabla mwalimu hajafika. Shule isiyo na leseni haiwezi kuomba kibali, leo wala kesho. Nyingine inayo leseni ila inataka kumjaribu mwalimu bure kwa mwezi mmoja kabla ya kugharamika. Katika hali zote mbili hatari hubebwa na mwalimu. Wakaguzi wakija, yeye ndiye anayefanya kazi bila kibali. Sheria ya Uchina ya kuingia na kutoka nchini, iliyoanza kutumika Julai 2013, inampiga faini ya kati ya yuan 5,000 na 20,000 mgeni anayefanya kazi kinyume cha sheria, na kosa likiwa zito huongezwa kifungo cha siku 5 hadi 15. Kisha anaweza kuondolewa nchini. Kuna hasara nyingine isiyotajwa sana: mwalimu wa namna hiyo akinyimwa mshahara, huogopa kwenda ofisi ya kazi, kwa sababu kushtaki ni kujishtaki. Shule inalijua hilo.

Zipo nchi ambazo sheria inaruhusu kubadilisha viza mtu akiwa ndani. Msikubali kwa neno la mdomo. Ombeni jina kamili la aina ya viza, muisome kwenye tovuti ya uhamiaji, na barua ya shule yenye namba ya leseni na tarehe ambayo kibali kitaombwa. Mwalimu asiingie darasani kabla kibali hakijatoka. Na kibali kikitoka, kinamfunga kwa mwajiri aliyetajwa. Mwenye E-2 wa Korea akifundisha mtoto wa jirani jioni kwa malipo amevunja masharti na anaweza kufukuzwa nchini. Japani hutenganisha hadhi ya ukaaji ya mwalimu wa shule rasmi na ile ya mwalimu wa shule binafsi ya mazungumzo, na anayehama kutoka moja kwenda nyingine hubadilisha hadhi kwanza. Kuna kazi za baada ya kufika pia: Uchina, mgeni asiyelala hotelini hujiandikisha polisi ndani ya saa 24, na mwenye viza ya kazi, Z, huomba kibali cha kuishi ndani ya siku 30; Thailand, anayekaa kwa muda mrefu huripoti uhamiaji kila siku 90. Andikeni tarehe hizi mahali mtakapoziona nyumbani, mumkumbushe.

Pesa za wakala tutazisema kwa ufupi. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema wakala binafsi wa ajira asimtoze mfanyakazi ada, ya wazi wala ya kuzunguka, isipokuwa pale mamlaka ya nchi iliporuhusu. Katika biashara hii ya kufundisha Kiingereza, wakala mwaminifu hulipwa na shule. Ada halali za mwombaji ni zile za pasipoti, uthibitisho, daktari na viza, na viza hulipiwa ubalozini au kwenye kituo chake, kwa risiti. Akitajwa "mwanasheria wa uhamiaji" anayetaka kutumiwa fedha kwa jina lake binafsi, simamisheni kila kitu. Na ofa ambayo haikutanguliwa na usaili wa video, isiyotaka kuona mtu anafundisha hata dakika 10, ikaja na mshahara mnono, hiyo inatafuta ada. Haitafuti mwalimu.

Mkataba usomeni watu wawili, kwa kalamu. Kifungu cha kwanza cha kukitafuta ni cha saa. "Saa 30 kwa wiki" inaweza kuwa vipindi 30 vya dakika 40, ambavyo ni saa 20 kamili za kusimama darasani. Inaweza pia kuwa saa 30 za kufundisha kweli, ambazo ni vipindi 45. Tofauti hiyo ndiyo tofauti ya mtu anayemaliza mwaka na anayeugua mwezi wa nne, maana mwalimu mpya hutumia karibu saa nzima kuandaa somo la saa moja. Mkataba uandike dakika. Uandike pia saa za kukaa ofisini, na kama kazi imekatwa vipande viwili: shule za lugha hufundisha wafanyakazi asubuhi kabla ya kazi na usiku baada ya kazi, kwa hiyo mwalimu anaweza kuondoka alfajiri, akarudi saa tatu usiku, na katikati asilipwe.

Mshahara usomwe baada ya makato. Ulizeni kodi ni kiasi gani, bima nani analipa, nyumba inakatwa au inatolewa, na amana ya nyumba ni ya nani. Neno "nauli inalipwa" mara nyingi lina maana ya kurudishiwa baada ya miezi 6 au baada ya kumaliza mwaka, kwa risiti. Familia iliyokopa nauli ikitegemea kulipwa mwezi wa kwanza hujikuta pabaya. Angalieni urefu wa mkataba. Korea, mfanyakazi aliyetimiza mwaka mmoja ana haki ya kiinua mgongo kisichopungua wastani wa mshahara wa siku 30 kwa kila mwaka. Mkataba wa miezi 11 unaoondoa haki hiyo haukuandikwa hivyo kwa bahati. Angalieni faini ya kuondoka mapema, siku za taarifa, siku za ugonjwa, na kifungu cha kipindi cha majaribio: je, katika kipindi hicho shule inaweza kumwachisha bila nauli ya kurudi? Kama mkataba una lugha mbili, tafuteni mstari unaosema ipi ina nguvu zikigongana. Karibu kila mara ni ile ambayo mwalimu haisomi, kwa hiyo mlipeni mtu anayeijua aisome. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kosa lolote mtakalolikuta humo.

La mwisho katika kusoma mkataba, ulizeni kuhusu pasipoti. Shule inaweza kuihitaji kwa siku chache ikiombea kibali, na itoe risiti. Kuishikilia ni kitu kingine. Shirika la Kazi Duniani huhesabu kuzuiwa kwa hati za utambulisho kuwa mojawapo ya dalili 11 za kazi ya kulazimishwa.

Ombeni pia kuzungumza na mwalimu anayefanya kazi hapo sasa, bila meneja kuwepo. Muulizeni mambo matatu: mshahara uliwahi kuchelewa, mwalimu aliyemtangulia aliondoka kwa nini, na darasa lina watu wangapi. Shule nzuri hutoa mawasiliano hayo siku hiyo hiyo.

Fedha ya akiba huhesabiwa vibaya na watu wengi, kwa sababu ya tarehe za malipo. Tuseme mwalimu ameanza kazi tarehe 15 Septemba na shule hulipa tarehe 10 kwa kazi ya mwezi uliopita. Oktoba 10 atapata nusu ya mwezi tu, huenda ikiwa imekatwa amana ya nyumba. Mshahara kamili wa kwanza ni Novemba 10, karibu miezi miwili baada ya kufika. Kwa hiyo aondoke na fedha ya kula, usafiri na simu kwa miezi miwili, na nauli ya kurudi ibaki nyumbani, kwenye akaunti isiyoguswa. Si kumtakia mabaya. Oktoba 2007 mnyororo mkubwa kuliko yote wa shule za mazungumzo nchini Japani, Nova, ulifilisika, na maelfu ya walimu wa kigeni wakabaki bila mishahara. Julai 2021 serikali ya Uchina ilibana kampuni za masomo ya ziada, na nyingi zikafunga au zikapunguza walimu. Shule nzuri hufungwa pia. Mwenye nauli yake anachagua kubaki kutafuta kazi nyingine. Asiye nayo hachagui.

Tunawaomba pia, kwa heshima, msiugawe mshahara kabla haujaingia. Ukibadilishwa kwa fedha ya nyumbani huonekana mkubwa, lakini unatumika kule unakolipwa. Mazungumzo ya kusaidia wengine yaanze mwezi wa nne, mwalimu mwenyewe akiyaanzisha.

Familia inaweza kumsaidia hata kwenye kufundisha, na hili halihitaji fedha. Mtu anayejua Kiingereza vizuri hudhani anajua kukifundisha, na kosa lake la kwanza ni kuzungumza mno. Kaeni watu sita sebuleni, muwe wanafunzi wake. Afundishe dakika 20, kwa Kiingereza tu, mada ndogo: kutaja saa, au mambo mtu aliyokuwa akiyafanya zamani. Mmoja ashike saa ya simu, ahesabu dakika ambazo mwalimu anasema na ambazo wanafunzi wanasema. Mwalimu akivuka nusu, arudie kesho. Msikilizeni pia anavyouliza. Akisema "Mmeelewa?" nyote mtaitikia ndiyo, na hatajua chochote. Tuseme amefundisha sentensi "I used to smoke". Aulize: anavuta sasa? Alivuta zamani? Mara moja, au mara nyingi? Mwanafunzi anayejibu hapana, ndiyo, mara nyingi, ameelewa, hata kama hawezi kueleza sarufi. Maswali mafupi kama hayo, yaliyoandikwa kwenye karatasi ya somo kabla ya kuingia, ni sehemu kubwa ya ufundi wenyewe. Kwa watoto wadogo, shughuli ibadilike kila dakika 5 hadi 10, na maelekezo yaonyeshwe kwa mikono kabla ya kusemwa. Mazoezi hayo yatamfaa pia kwenye usaili, ambako shule makini huomba somo la mfano la dakika 15 au 20.

Mambo ya afya ni machache ila hayasahauliki bila madhara. Chanjo ya homa ya manjano, inapohitajika, cheti chake huanza kutambulika siku ya 10 baada ya sindano, na tangu tarehe 11 Julai 2016 hakiishi muda. Dawa zinazoruhusiwa nchi moja zinaweza kuwa kosa la jinai nchi nyingine: Japani hairuhusu dawa za mafua zenye zaidi ya asilimia 10 ya pseudoefedrini, wala dawa yoyote yenye amfetamini hata kwa barua ya daktari; Falme za Kiarabu hudhibiti vikali kodeini na tramadoli. Dawa zibaki kwenye pakiti zake, na barua ya daktari itaje jina la kitaalamu.

Kabla hajaondoka, wekeni nyumbani nakala za pasipoti, viza, mkataba, bima, anwani ya shule na ya nyumba, na namba ya ubalozi wa nchi yake kule. Mtu mmoja apewe hati ya uwakilishi iliyothibitishwa na wakili, ili aweze kumchukulia nakala ya matokeo chuoni au cheti kipya cha polisi baadaye. Mipango ya benki ibadilishwe mapema, kwa sababu namba za siri za muamala hutumwa kwenye laini ya nyumbani, na laini hiyo isiposoma huko, fedha yake mwenyewe inafungwa. Kubalianeni njia ya kuwasiliana: Uchina, WhatsApp na huduma za Google hazifunguki kwenye intaneti ya kawaida, basi WeChat iwekwe kwenye simu za wote kabla ya safari. Ukimya wa siku mbili unaotokana na programu umetisha wazazi wengi bure.

Baada ya kufika, atalalamika. Familia ijue kutofautisha malalamiko. Akilia baridi, chakula, upweke, wanafunzi wasiofungua mdomo, mtieni moyo na msimwambie arudi. Hayo hupungua akizoea. Lakini akisema pasipoti imechukuliwa na hairudishwi, mshahara umechelewa wiki mbili, ameambiwa ajifiche wakaguzi wanapokuja, au anafundisha kwenye tawi lisiloandikwa kwenye kibali chake, hilo si la kuvumilia hata siku moja. Aandike tarehe na maneno, ahifadhi ratiba na ujumbe nje ya simu ya shule, awasiliane na ubalozi wake na ofisi ya kazi ya nchi hiyo. Akikamatwa, Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu uhusiano wa kibalozi, kifungu cha 36, unampa haki ya ubalozi wake kujulishwa akiomba. Aombe kwa maneno hayo hayo, na ninyi mpige simu ubalozini msingojee.

Na hata kazi ikienda vizuri, kuondoka kuna taratibu zake. Asipande ndege mkataba ulipoisha akidhani karatasi zitamfuata. Achukue barua ya utumishi yenye tarehe za kuanza na kumaliza, barua ya kuachiwa na mwajiri, uthibitisho wa kodi aliyolipa, na pale panapohusika, hati ya kufutwa kwa kibali cha kazi. Uchina, kwa mfano, mwajiri mpya hawezi kumwombea kibali bila barua ya kuachiwa na hati hiyo ya kufuta kibali cha zamani, na shule inayokuwa na moyo mwema mwalimu akiwa mbele yake huchelewa sana kujibu barua pepe akishaondoka. Aziombe mwezi mmoja kabla, na asikabidhi funguo za nyumba kabla hajazishika mkononi.

Ni sisi,
Walimu wa Kiingereza na wakufunzi wa walimu